Katibu Otmari na Gari la Wagonjwa

Mgonjwa anayepiga kelele msimwogope. Nawaambia ninyi mliokabidhiwa usukani wa gari la wagonjwa juzi juzi, mnaokuja kwangu kuniuliza habari za gia na matope. Anayelia bado ana nguvu za kulia. Akinyamaza ghafla, hapo ndipo mkanyage mafuta, na hata hapo mkanyage kwa akili, maana gari likipinduka hakuna gari jingine la kuja kuwachukua. Hili sikufundishwa chuoni. Chuoni nilifundishwa alama za barabarani, na huku kwetu wakati ule alama yenyewe ilikuwa mti ulioangukia njia.

Niliendesha gari la hospitali ya misheni kando ya Ziwa Nyasa mpaka macho yakaniomba nipumzike. Ninyi mna lami kutoka Mbamba Bay hadi Mbinga, mnapanda mlima huku mnasikiliza redio. Sisi tulikuwa na udongo mwekundu, na masika ulikuwa unateleza kama mlenda. Sisemi haya ili mnionee huruma, mlima ule umenilisha mimi na wanangu. Ila mkiniuliza nani alinifundisha kazi, nitawatajia mtu ambaye hakujua kuendesha hata baiskeli.

Aliitwa Otmari. Alikuwa katibu wa hospitali, yaani yule anayehangaika dawa zifike, maji yatoke, wauguzi wapate pa kulala, na daktari asipate sababu za kukasirika zaidi ya zile alizozaliwa nazo. Alikuwa Mmatengo wa Mapera, Mkatoliki wa kusali rozari, akaletwa huku chini kwa Waanglikana na wavuvi. Siku ya kwanza tulimwandalia ugali kwa usipa, dagaa wa ziwa letu. Akaanza kuchambua usipa mmoja mmoja kwenye sahani kama anayetoa mawe kwenye maharage. Tulicheka mpaka mpishi akaja kuangalia kuna nini. Naye akacheka, kisha akaendelea kuchambua.

Huyo ndiye alikuwa. Ukimcheka alicheka pamoja nawe, na hakuacha alichokuwa anafanya.

Mkewe, Mama Skola, alibaki Mapera na watoto, kwa sababu kahawa haijitunzi. Kwa hiyo kila Jumamosi Katibu alisimama barabarani na mfuko wa usipa wakavu, anangoja lori la kumpandisha mlimani. Mara nyingine nami nilikuwa natoka siku hiyo hiyo kwenda Mbinga kuchukua dawa, gari tupu, kiti cha mbele hakina mtu. Nikasimamisha.

"Katibu, panda twende."

"Unakwenda kumchukua nani?"

"Nakwenda kuchukua dawa."

"Dawa hazihitaji msindikizaji. Nenda salama, dereva."

Nikamwacha pale. Siku moja nilimwacha kwenye mvua, na niwaambie ukweli, nilimwona mkaidi, nikamwambia hivyo Jumatatu. Akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mtoto. Akipanda yeye wiki hii, wiki ijayo atapanda mhasibu. Wiki ya tatu atapanda mke wa mhasibu na ndoo zake za mbasa anazokwenda kuuza Mbinga. Halafu siku moja nitamfikia mgonjwa kijijini, na samaki wamekaa mahali pake. Na kweli, mke wa mhasibu alikuwa ameshaniuliza habari za ndoo.

Msidhani lakini kwamba alikuwa mtu wa ofisi tu. Likizo yake aliichukua wakati mmoja kila mwaka, wakati wa kutengeneza ngoro. Nyie wa ziwani hamjui kazi ile. Kule milimani mwanaume anafyeka majani na kuyalaza mistari inayokatana, yafanye miraba shamba zima. Kisha mwanamke anachimba udongo wa katikati na kuyafukia, na shimo linalobaki linashika maji yasichukue shamba kulipeleka bondeni. Mwanaume asipolaza majani, jembe la mwanamke halina pa kuanzia. Ndiyo maana Katibu hakukubali kukosa. Daktari alimwomba aahirishe, akamjibu kwamba hospitali ina watu wengi na Mama Skola ana mmoja.

Mwaka mmoja tu alikosa, wakaguzi walipokuja bila taarifa. Shemeji yake ndiye aliyelaza majani. Nilipopita Mapera na salamu, Mama Skola hakunikaribisha hata kiti, alinipeleka moja kwa moja shambani.

"Shemeji dereva, tazama mistari ile. Imekaa sawa?"

Nikatazama. Mistari ilikwenda kama mtu anayetoka kilabuni.

"Kamwambie katibu wenu kwamba hospitali ikimkopa tena mwezi huu, ije yenyewe ilaze majani."

Nilimfikishia kama nilivyotumwa. Katibu alicheka, lakini jioni ile hakula vizuri. Alimpenda yule mama, na hakuona haya kuonekana hivyo. Jumapili baada ya misa alikuwa anapika yeye, majirani wanamchungulia kwenye uzio, naye anawasalimia mwiko ukiwa mkononi.

Sasa nije kwenye kanuni ambayo ninyi mmeikuta na mnanung'unika juu yake: gari la wagonjwa halibebi maiti. Mnasema ni ukatili. Inawezekana. Sikilizeni ilikotoka.

Mwanzoni hapakuwa na kanuni. Katibu alikuwa bado mgeni, na ana moyo laini. Mzee mmoja alifia wodini kwetu, wa kijiji cha mbali kidogo njia ya kwenda Liuli. Wanawe wakaja wakapiga magoti ofisini. Katibu akasema wapewe gari, ni ubinadamu. Nikampeleka mzee wa watu, tukashiriki mazishi, tukashukuriwa kwa kuku. Nikaliosha gari kwa maji ya ziwa na dawa, likang'aa.

Haukupita muda, tukaitwa kijiji kile kile. Binti mmoja alikuwa kwenye uchungu na mtoto amekaa vibaya. Nikafika na muuguzi, tukafungua mlango wa nyuma. Binti akatazama ndani, akarudi nyuma. Mama mkwe wake akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Hili si ndilo lililomleta babu juzi?"

"Ndilo, mama, lakini limeoshwa."

"Umeosha mabati. Mkwe wangu hapandi mahali alipolala maiti. Unataka akazae nini humo?"

Muuguzi alibembeleza, nikabembeleza na mimi, hata mwenyekiti wa kijiji aliletwa akabembeleza. Hatukuweza. Mnajua jinsi watu wetu walivyo katika jambo hili, na baadhi yenu hapa mnatikisa kichwa lakini msingekubali wake zenu wapande. Wakampeleka kwa mtumbwi. Ziwa lilikuwa limechafuka, wakakaa sana kusubiri mawimbi yatulie. Binti alifika hospitali akiwa hai. Mtoto hakufika hai.

Katibu alikwenda kwenye mazishi ya kichanga kile kwa miguu, akarudi kwa miguu. Asubuhi akaniita mbele ya wauguzi wote. Hakunilaumu, wala hakumlaumu yule mama mkwe. Alisema, "Watu hawa wamekosea kuogopa, lakini si kazi yangu kuwasubiri waache kuogopa ndipo niokoe watoto wao. Kuanzia leo gari hili halibebi maiti, hata ikiwa ya askofu."

Muuguzi mmoja akauliza, "Askofu wa kwenu au wa kwetu?"

"Wote wawili," akasema.

Kanuni ni rahisi kuitangaza. Kazi ni kuisimamia, siku mtu analia mbele yako. Watu walimchukia, na sioni sababu ya kuwaficha. Walimwita Mmatengo roho ya jiwe. Mheshimiwa mmoja alifiwa na mama yake wodini kwetu, akaja na kelele, akataka gari kwa jina la chama, la serikali na la Mungu kwa mpigo mmoja. Katibu akamkalisha, akampa maji ya kunywa, akakataa. Mheshimiwa akamwambia mkuki kwa nguruwe mtamu. Katibu akavua koti, akatoka naye mpaka ufukweni kutafuta boti, na akasaidia kulibeba jeneza mpaka maji yakamfika kiunoni, yeye ambaye hakujua kuogelea. Alifanya hivyo kwa kila aliyemnyima gari, mkubwa au mdogo. Aliwasindikiza mpaka mwisho. Baada ya miaka watu walimzoea, wengi wakaacha kumwomba. Na akina mama wakawa wanapanda gari langu bila kuuliza lilibeba nani jana.

Hapo niwape jambo la kazi, nisije nikasahau. Mkimbeba mama mwenye uchungu, mama mkwe au dada yake akae kichwani kwake, siyo miguuni. Akikaa miguuni atachungulia kila kona na kupiga yowe, na ninyi mtakanyaga breki pasipotakiwa. Kwenye mchanga wa ziwa punguzeni upepo wa matairi, mkifika udongo mgumu mjaze tena, msiwe wavivu wa pampu. Na mgonjwa akiuliza bado mbali kiasi gani, mwambieni tunakaribia. Siku zote tunakaribia.

Katibu Otmari alianguka ofisini asubuhi moja ya masika. Ilikuwa shinikizo la damu, ambalo alikuwa anawahimiza wengine wakapime. Tulimlaza wodini kwetu, daktari akafanya alichoweza. Mama Skola aliposikia aliteremka mlima kwa miguu, maana malori yalikuwa yameacha kupita. Alimkuta bado anaongea. Walikaa pamoja siku chache, na nikipita dirishani nilisikia wanazungumzia kahawa. Kisha akafariki mchana, mkewe amemshika mkono.

Nililia. Nimebeba wagonjwa wengi na nimezoea kifo kuliko wengi wenu, lakini siku ile nililia nyuma ya karakana mpaka fundi akaniletea maji.

Tulipomaliza kulia ikabaki kazi ya kumzika. Wamatengo wanazikwa kwao, karibu na wazazi wao, na Katibu alikuwa amezikiwa kitovu kule Mapera tangu anazaliwa. Lakini mlima ulikuwa umemomonyoka. Lori lililotumwa kutoka Mbinga lilifika juu, mbele ya mashamba ya watu wa Tingi, likashindwa kuteremka. Dereva wake akasema atasubiri pale pale. Kati yetu na lori palikuwa na ule mlima wote na matope yake, na gari pekee la kuweza kuupanda lilikuwa langu.

Daktari aliitisha kikao kidogo nje ya chumba cha maiti. Tulikuwa daktari, matroni, wazee wa kijiji, Mama Skola na mimi. Daktari akasema wazi kwamba kanuni aliiweka marehemu mwenyewe, marehemu sasa hayupo, na hakuna mtu wa ziwani atakayekuwa na kinyongo. Nami nilikuwa tayari nimeshika ufunguo. Nilitaka kumpeleka. Angalau mara hii moja nilitaka apande.

Mama Skola akauliza, "Yule mama mliyemnyima gari la kumbeba marehemu mwanawe mwezi uliopita, yuko wapi?"

Matroni akamwonyesha. Alikuwa pale nje na wenzake, amekuja kulia msiba.

"Huyo alimpeleka mwanawe kwa mtumbwi, na mume wangu alimsaidia kubeba. Leo nimpite nimekaa ndani ya gari na mume wangu? Nitamsalimia kwa mdomo gani?"

Mzee mmoja wa kanisa akasema kwa upole, "Basi mama, tumzike hapa kwetu. Tutampa mahali pazuri, kando ya kanisa. Amekuwa mtu wetu."

Hapo ndipo Mama Skola alipolia kwa sauti. Alisema, "Baba zangu, shikamooni. Niliwaazima mume. Jumatatu mpaka Ijumaa alikuwa wenu, mimi nikapata makombo ya wiki, na sikununa, isipokuwa mwaka ule wa ngoro. Sasa siwezi kumwacha huku. Nawaomba mnirudishie."

Gari hataki, na kumwacha hataki, na mlima upo pale pale. Daktari akatazama viatu vyake. Aliyejibu alikuwa mwenyekiti wa wavuvi, mtu aliyegombana na Katibu mara nyingi juu ya takataka za samaki karibu na kisima cha hospitali.

"Kabla ya gari kuja huku, wagonjwa walikuwa wanateremshwa mlimani na nini?" akauliza. "Si machela? Walioteremsha walikuwa binadamu. Sisi tutapandisha."

Wakakata kamba za nyavu, wakachukua miti miwili wanayosukumia mitumbwi, wakatengeneza machela ya kubebea jeneza. Asubuhi wakaondoka, vijana wakipokezana mabegani, wanawake nyuma wakiimba, Waanglikana wakiimba nyimbo zao na Mama Skola rozari yake katikati yao. Habari ilikuwa imetangulia, watu wa vijiji vya juu wakawa wanasubiri njiani kupokea. Nami niliacha gari nikaweka bega. Nilibeba mpaka mwanzo wa mlima, nimeridhika kwamba angalau bega langu limempandisha.

Simu ikaita mfukoni. Alikuwa matroni. Mama mjamzito ameletwa kwa boti, hali yake ni ya kupasuliwa, na vifaa vya upasuaji kwetu vimeharibika, ni lazima afike Mbinga. Nikampa mwenzangu mti, nikarudi mbio.

Nikafunga minyororo kwenye matairi. Nikapanda kwa gia ya kwanza, muuguzi nyuma, mama mkwe kichwani. Gari lilikuwa linakwenda upande kama kaa, kisha linakubali. Niliomba Mungu nisiwakute. Niliwakuta, na mahali pabaya kuliko pote, kwenye kona ambayo kushoto ni ukingo wa udongo na kulia ni bonde. Njia imejaa watu, jeneza likiwa mbele.

Mnajua adabu. Ukikutana na msiba unasimama, unazima injini, unavua kofia mpaka upite. Hata kwa mtu nisiyemjua ningefanya hivyo bila kufikiri. Lakini pale, nikisimama kwenye mteremko ule wa matope, nisingeondoka tena. Sikupiga honi. Nilipunguza tu, nikawa natambaa, sijui la kufanya.

Mama Skola aligeuka akaliona gari. Akawaambia kitu wabebaji. Jeneza likienda kuzikwa haliwekwi chini njiani, hivyo hawakulishusha. Walipanda nalo ukingo, wakashikana mikono, wakaingia kwenye shamba la ngoro la mtu wa Tingi, wakasimama ndani ya mashimo ya maji na jeneza liko mabegani. Watu wote wakawafuata. Njia ikawa wazi. Mama Skola alisimama pembeni, akanipungia mkono niende, kwa haraka, kama anayefukuza kuku.

Nikapita. Nikampita Katibu Otmari karibu kiasi cha kuweza kuligusa jeneza, na sikusimama. Iliniuma sana, na inaniuma hata sasa ninapowasimulia. Nyuma nikamsikia yule mama mwenye uchungu anauliza kuna nini, mbona nyimbo. Mama mkwe wake alikuwa ameshamfunika macho kwa kanga.

"Ni watu wanatoka shambani," nikasema. "Lala, mwanangu. Tunakaribia."

Tulifika Mbinga, wakampokea moja kwa moja chumba cha upasuaji. Nilingoja mpaka nikaletewa habari. Kisha gari likahitaji fundi, na njia ikahitaji jua. Nilipofika Mapera watu wa msiba walikuwa wameanza kutawanyika, kaburi limeshafunikwa, na udongo wake mbichi. Nilisimama pale na kofia mkononi, nikasema niliyokuwa nayo moyoni, hayo siyo yenu.

Mama Skola alikuwa jikoni. Niliingia nikiwa nimetayarisha maneno mengi, pole, samahani kwa kuchelewa, samahani kwa kumpita njiani. Sikupata nafasi ya kuyasema. Aliinuka kwenye kigoda na mwiko mkononi, macho yamevimba.

"Yule mama amejifungua?"

"Amejifungua, shemeji."

"Na mtoto?"

"Nimemwacha analia."

Alishusha pumzi, akageukia jiko.

"Haya, nawa mikono ule," akasema. "Kesho una safari ya kurudi."